Gari Linalokula Kwingine

Tak.

Mlio mdogo tu, lakini ndio uliomwamsha Mama Darizi kabla ya alfajiri, na hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: ameketi kitandani gizani, shuka ameibana kifuani, na upande wa pili wa godoro bado una joto la mumewe.

Ilikuwa plagi ya gari ikichomolewa ukutani.

Kisha ikaja sauti ya mume mwenyewe, nje ya dirisha, akinong'ona kwenye simu.

"Nakuja sasa hivi. Hapana, hajaamka."

Hajaamka! Mama Darizi alikuwa macho kuliko mlinzi wa benki.

Aliruka hadi dirishani. Gari la petroli lingeamsha mtaa mzima, lakini lile halikuwa gari la petroli tu. Lilikuwa gari la mseto, lenye matumbo mawili. Tumbo moja hunywa petroli kama magari mengine, na la pili ni betri kubwa inayochajiwa nyumbani kama simu. Likitembea kwa betri halisemi kitu. Lilirudi nyuma kama mwizi aliyevua viatu, likapita getini, likapotea.

Jumapili. Mumewe ni mpima ardhi, na watu humwita Futikamba. Ni nani anayepimiwa kiwanja Jumapili kabla ya jogoo?

Mezani alikuta chupa ya chai imejaa, na kikombe kimefunikwa kwa kisahani ili inzi wasitue.

Siku nyingine angetabasamu. Leo alikitazama kile kisahani kwa jicho baya. Mwanamume akikuachia chai ya moto kabla hakujakucha, ama anakupenda ama amekukosea.

Mama Darizi alichukua ufunguo wa nyumba, akavuka ua, akagonga mlango wa pili.

"Wifi! Fungua!"

"Nani amekufa?" ilijibu sauti ya usingizi.

"Bado hajafa mtu. Kaka yako ndiye wa kwanza kwenye foleni."

Mlango ukafunguliwa. Wifi yake ni mwalimu wa udereva, mwanamke mnene, mpole, ambaye hupiga honi mara chache kuliko anavyosali. Alimtazama mke wa kaka yake aliyesimama barazani kwa gauni la kulalia, akavua sweta lake mwenyewe na kumvika mabegani kabla ya kuuliza lolote.

"Haya, sema."

"Ametoka. Kuna mtu amempigia. Amesema sijaamka."

Wifi alichukua ufunguo wa gari lake la kufundishia. Ni kaka yake, damu yake. Lakini naye alishaachwa na mume aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kufanya mazoezi, akirudi na nguo kavu bila tone la jasho.

"Ingia garini," alisema. "Kama ni kweli, nitamchapa mimi kabla yako. Mimi ni mkubwa wake."

* * *

Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya dereva na nyingine ya mwalimu. Mama Darizi alikaa kwenye kiti cha mwalimu, breki miguuni. Kosa hilo.

"Mbona unawasha taa ya kona? Barabara nzima ni sisi wawili!"

"Sheria ni sheria, wifi yangu."

"Atatupotea!"

"Hatupotei. Ile pale taa yake nyekundu, mashimo yamemchelewesha. Haya, niambie taratibu. Tangu lini unamshuku?"

Mama Darizi alishusha pumzi. Jambo hili lilimkaa kooni tangu gari liliponunuliwa.

"Aliniambia hivi: tutalichaji usiku, litampeleka ofisini na kumrudisha kwa umeme mtupu, petroli tutaiona kwenye safari za mbali tu. Nikamwamini. Nikauza cherehani yangu ya kudarizi, Wifi. Ile ile. Nikabaki na hii ya kupinda suruali."

"Najua. Nilikuona ukiipangusa kabla hawajaibeba."

"Sasa mita ya umeme inalia kila siku kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nikichomeka pasi, yeye anachomoa gari. Akichomeka gari, mimi nazima pasi, na wateja wanangoja nguo zao. Hilo nimelivumilia. Lakini petroli! Petroli inakwenda wapi?"

"Inapungua?"

"Inakauka! Jioni tenki limejaa, kesho yake mshale umelala chini. Na ofisi yake ni hapo tu. Kaka yako anakwenda wapi na tenki zima la petroli?"

Wifi aliegemea usukani. Alikuwa akitazama mbele, uso umebadilika.

Taa nyekundu zilikuwa zimekata kona na kuingia kituo cha mafuta.

Mama Darizi alimwona mumewe akishuka chini ya taa za kituo, na mguu wake ukakanyaga breki ya mwalimu kwa nguvu zake zote. Gari likasimama kama punda. Sweta likamfunika uso.

"Toa mguu!" alifoka Wifi. "Wanafunzi wangu wote hawajawahi kunifanyia hivi!"

"Amevaa kandambili," alisema Mama Darizi ndani ya sweta. "Angalia. Anajaza tenki, na miguuni ana kandambili. Safari gani hiyo ya kandambili?"

Futikamba alilipa, akasema neno na mhudumu wa pampu, wakacheka. Akaondoka haraka.

Wanawake wawili wakaingia nyuma yake. Mhudumu alikuwa mama wa makamo mwenye kofia iliyofifia. Bila kuombwa, alianza kupangusa kioo chao kilichojaa umande.

"Yule aliyeondoka," Mama Darizi alianza, "huja mara nyingi?"

"Yule wa kandambili? Huyo ni wa alfajiri zetu. Mtu mwema. Juzi alinisikia nakohoa, akarudi na dawa." Mhudumu alikamua kitambaa chake. "Ila gari lake linanishangaza. Linasemwa ni la umeme, mbona linakunywa kama limetoka jangwani?"

"Akitoka hapa huenda wapi?"

"Hukata kona ile, nyumba ya geti la kijani. Kwa yule binti mrefu."

Mama Darizi alitoa kichwa dirishani.

"Binti mrefu," alirudia Mama Darizi.

"Mzuri, mashallah. Humfungulia geti mwenyewe." Ndipo mhudumu alipouona uso wake, na kitambaa kikasimama kiooni. "Dada, nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri sana," alijibu Mama Darizi. "Wifi, twende."

* * *

Geti la kijani lilikuwa wazi nusu. Mtaa wote ulikuwa giza, hakuna taa hata moja. Kulikuwa kunaanza kupambazuka, na kwa mwanga ule hafifu waliliona gari uani, limeegeshwa kitako kikielekea nyumba, kama mgeni aliyezoea.

Na waya.

Waya mnene wa rangi ya chungwa ulitoka kwenye gari, ukapita juu ya maua, ukaingia dirishani nyuma ya pazia la buluu.

Mama Darizi alishika kifua. Kila kitu kikamwelea mara moja, au alidhani hivyo.

"Linachajiwa hapa," alisema polepole. "Wifi, gari langu linakula hapa. Linalala kwangu, linakula kwingine. Ndivyo wanaume wanavyoanza."

"Ngoja kwanza, tusi..."

Grrrm!

Gari likanguruma lenyewe! Hakuna mtu ndani, hakuna aliyelishika. Wifi aliruka nyuma akakanyaga ndoo.

"Jini!" alipiga kelele. "Jini limo humo! Miaka yote hii ya udereva sijaona gari linalojiwasha!"

Mama Darizi hakumsikia. Alikuwa ameshafika mlangoni, akabisha kwa ngumi.

Mlango ulifunguliwa na binti mrefu. Alikuwa na taulo kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

Alikuwa mzuri kweli. Kuna ubaya unaouma zaidi ukiwa mzuri.

"Karibu," alisema binti, akishangaa. "Unamtaka nani?"

"Namtaka mwenye gari lile."

"Aa, yupo." Binti aligeuka nusu, akapunguza sauti. "Yuko chumbani. Subiri kidogo, avae kandambili zake."

Avae!

Mama Darizi hakupiga kelele, hakumgusa yule binti. Aligeuka kwa adabu, akashuka ngazi, akatembea hadi kwenye gari lililonunuliwa kwa cherehani yake, akaushika ule waya kwa mikono miwili.

"Mwambie asiharakishe kuvaa," alisema. "Gari langu halili tena hapa."

Akauchomoa.

Ndani ya nyumba kitu kikaanza kulia. Piii! Piii! Piii! Sauti kali, ya haraka, kama kifaranga aliyekanyagwa.

Binti aliachia mlango. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mjomba!" alipiga ukelele, akakimbia ndani.

Mjomba?

"Wifi," Wifi alisema nyuma yake, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Huo waya haujatoka pale tunapochajia. Mahali pa kuchajia ni ubavuni. Huo umetoka ndani ya buti. Gari halikuwa linapokea, mama. Lilikuwa linatoa."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Futikamba, sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote.

"Nani amegusa waya? Rudisheni! Hapumui! Rudisheni!"

* * *

Mama Darizi hutunga uzi kwenye sindano gizani bila kuangalia. Asubuhi ile hakuweza kuingiza plagi kwenye matundu yake. Plagi iligonga pembeni, ikagonga tena. Piii! Piii!

Mkono mwingine, mnene na wenye joto, ukaufunika wake.

"Taratibu," alisema Wifi sikioni, kama anavyowaambia wanafunzi wake kwenye mlima. "Tuko pamoja. Sukuma."

Plagi ikaingia. Gari likanguruma. Ndani, kile kilio kikakatika, na mahali pake pakaja mvumo mzito, wa kupanda na kushuka.

Walipofika mlango wa chumba walisimama kizingitini.

Mzee alikuwa ameketi wima kitandani, mito mgongoni, mrija umeingia puani, midomo imegeuka rangi ya jivu. Kando ya kitanda, mashine nyeupe ilikuwa ikimvutia hewa. Futikamba alipiga magoti kwenye sakafu iliyopigwa deki, bila kandambili, mkono wa mzee ndani ya mikono yake.

"Vuta," alikuwa akimwambia. "Hivyo hivyo. Vuta tena, mzee wangu."

Polepole ile rangi ya jivu ikaondoka. Mzee akafumbua macho, akamtazama mwanamke mwenye gauni la kulalia na sweta lisilo lake.

"Ndiye huyu?" aliuliza, neno moja kwa pumzi moja. "Ana mkono mzito."

Hakuna aliyecheka. Mama Darizi aliteleza kwenye fremu ya mlango hadi akakaribia kukaa chini. Binti mrefu, yule yule aliyedhaniwa vibaya mlangoni kwake, alileta kiti akamwekea nyuma ya magoti, kisha akavua taulo kichwani akampangusa jasho usoni.

"Samahani," alisema Mama Darizi. "Jamani, samahani. Ningemuua mtu."

"Hujaniua," alisema mzee. "Wengi wamejaribu. Madaktari wenye vyeti."

Futikamba aliinuka. Alionekana mchovu, na mwenye hofu pia.

"Mke wangu, sikiliza. Huyu mzee, mjomba wa huyu binti, alikuwa fundi saa. Gari hili lilikuwa lake. Umeme wa mtaa huu unakatika ovyo, na mashine haina subira, akiba yake ni ya nusu saa tu, na leo iliisha nilipofika. Nyuma ya gari kuna soketi kama ya nyumbani. Unachomeka, betri inalisha mashine, na betri ikipungua injini inajiwasha yenyewe kuongeza. Ndiko petroli inakokwenda."

"Kwa nini hamnunui jenereta?" aliuliza Wifi.

"Ilikuwepo," alisema mzee. "Wezi waliibeba mchana kweupe. Wakaniaga kabisa."

"Macho yake yalipokataa kuendesha aliliuza," aliendelea Futikamba, "kwa bei ya chini sana. Lakini kwa sharti. Umeme ukikatika, wakati wowote, gari lije. Binti akinipigia naja. Ndiyo hiyo simu."

Mama Darizi alimtazama mumewe. Hofu ilikuwa imemtoka, na mahali pake pakawa panaingia kitu kingine, kibaridi zaidi.

"Uliniambia umelinunua mnadani ofisini."

"Nilikuambia."

"Uliniambia bei ni rahisi kwa sababu betri imezeeka."

"Betri imezeeka kweli."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilijua ungekataa."

"Ningekataa nini?" Alisimama. "Kumpa mgonjwa hewa? Mimi? Ndivyo unavyonijua?"

Futikamba aliinama kutafuta kandambili zake.

"Kila mita ikilia, ningezima pasi yangu kwa furaha kama ningejua umeme unamlisha nani. Badala yake umeniacha nilale na mashaka kitandani kama mtu wa tatu. Na gari lenyewe si letu! Umeninunulia nusu ya gari kwa cherehani yangu nzima."

"Hapo amekupima vizuri, kaka," alisema Wifi. "Bila kamba."

Nje honi ikalia. Jirani alikuwa akitaka kutoka, na gari la kufundishia lilikuwa limemzibia. Wifi akamshika kaka yake kwa kola.

"Twende tukaliondoe. Na wewe ukaangalie mshale wa petroli. Na tukifika nje, nina maneno na wewe."

Wakatoka. Binti naye akaenda kutafuta gauni la kumstiri mgeni, maana sasa kulikuwa kumekucha na watu wangepita.

Mama Darizi akabaki na mzee na ule mvumo wa mashine. Alisogea, akaunyoosha mto uliokuwa umepinda, akaupangusa mrija ulioshika jasho shavuni. Akarudia kuunyoosha mto.

"Uzi wako ni mzuri," alisema mzee ghafla.

"Uzi gani?"

"Huo moyoni. Umevutwa sana, haukukatika." Akapumzika. "Mumeo ni mtu mwema. Anafika hapa mvua inanyesha. Hukaa na mimi hata umeme ukirudi, nisidhani anakuja kwa ajili ya waya tu."

"Nimeliona hilo, mzee wangu. Ndiyo maana sijamwambia yote niliyonayo."

"Lakini mtu mwema akificha kitu," alisema mzee, "hukificha vizuri kuliko mbaya."

Mama Darizi aliacha kuunyoosha mto.

"Una maana gani?"

Mkono mkavu ukatoka chini ya shuka, ukamshika kifundo cha mkono. Kwa mtu aliyekuwa hapumui dakika chache zilizopita, ulikuwa na nguvu za ajabu.

"Gari kama lile, hata lenye betri mbovu, huliuzi kwa bei ile kwa kuwashiwa mashine tu. Hukujiuliza? Mimi fundi saa. Sijawahi kumpunguzia mtu bei bure."

"Amesema kulikuwa na sharti."

"Masharti," alisema mzee. "Mawili. Moja umelijua leo kwa kuchomoa waya. La pili halina waya."

"Ni lipi? Niambie! Ni kuhusu huyu binti?"

Kandambili zilisikika kwenye ngazi. Zilikuwa zinakuja. Sauti ya Futikamba ilikuwa barazani, ikicheka kidogo na dada yake, kama mtu aliyetua mzigo.

Mzee aliutazama mlango. Kwa mara ya kwanza Mama Darizi aliona kwamba haogopi ugonjwa wake. Alikuwa akiwaogopa wale waliokuwa wakija. Akauachia mkono wake, akafumba macho kama aliyelala, na midomo yake ikasogea polepole kabisa chini ya mvumo wa mashine.

"Kesho atakuwa porini na vigingi vyake," alinong'ona. "Njoo tena, mwanangu. Njoo peke yako."